Kukanyaga Pedali na Kukariri Maneno: Tathmini ya Darasa la Lugha kwa Wazee

Huduma ninayoitathmini hapa ni darasa la lugha ya kigeni lililoandaliwa kwa ajili ya watu waliovuka miaka 60, na kinacholitofautisha na madarasa mengine ni kwamba sehemu kubwa ya somo hufanyika juu ya baiskeli za mazoezi, zile zisizotoka mahali pake. Kila mwanafunzi hupewa baiskeli yenye kiti kipana na egemeo la mgongo, skrini ndogo mbele yake, hedifoni, na mkanda wa mkononi unaopima mapigo ya moyo. Muhula mmoja huchukua miezi mitatu, vipindi vitatu kwa wiki. Nilijiandikisha katika darasa la Kifaransa kwa wanaoanza na nikahudhuria muhula wote. Ninayoyaandika yanahusu mambo mawili ambayo matangazo ya huduma hii huyachanganya: ubora wa darasa lenyewe, na ukweli wa ahadi inayolisindikiza, kwamba mazoezi ya mwili humwezesha mzee kujifunza lugha kwa wepesi wa kijana. Darasa ni zuri kuliko nilivyotarajia. Ahadi ina ukweli ndani yake, lakini imetiwa chumvi.

Kipindi huanza bila neno hata moja la Kifaransa. Kwa dakika 20 za mwanzo mnakanyaga pedali polepole, mwili unapata joto na pumzi inajipanga. Baada ya hapo maneno huanza kusikika kwenye hedifoni huku miguu ikiendelea, na sehemu hiyo huchukua dakika 15. Kisha wanafunzi hushuka, hunywa maji, huhamia kwenye viti vilivyopangwa kwa duara, na mwalimu hufundisha sarufi na mazungumzo kwa muda uliobaki. Mpangilio huu haukuokotwa tu. Unafuata karibu hatua kwa hatua utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la PLoS ONE, ambao uliwagawa wanafunzi 40 wa chuo kikuu, Wachina waliokuwa wakijifunza Kiingereza, katika makundi mawili. Kundi moja lilijifunza likiwa limeketi tu. Jingine lilianza kukanyaga baiskeli dakika 20 kabla ya somo na likaendelea kukanyaga somo lilipokuwa likitolewa. Katika vipindi vinane vilivyotandazwa ndani ya miezi miwili, kundi la baiskeli lilikumbuka maneno vizuri zaidi, na lilikuwa bora pia katika kutambua kama sentensi yenye maneno hayo ina maana au haina. Mwezi mmoja baada ya masomo kwisha, tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Matokeo ya sentensi ndiyo ninayoyapa uzito zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kuikariri orodha ya maneno hamsini na bado akashindwa kuelewa anachoambiwa. Kwa hiyo waandaaji wa darasa hili walichagua kielelezo kizuri cha kuiga. Tatizo ni kwamba waliigwa vijana wa chuo, na waliokaa juu ya baiskeli zetu walikuwa wastaafu. Nitalirudia jambo hilo.

Sehemu ya maneno imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Picha hutokea kwenye skrini, sauti ya mwanamke hulitamka neno, hupita ukimya mfupi, hulitamka tena, kisha mwanafunzi huachiwa nafasi ya kulitamka mwenyewe kabla picha nyingine haijaja. Hakuna maandishi katika mzunguko wa kwanza, na nakubaliana na uamuzi huo, kwa sababu Kifaransa kina herufi nyingi zinazoandikwa bila kutamkwa, na anayeanza kwa kusoma hujikuta akizitamka zote. Mwendo unaotakiwa ni mizunguko 60 hivi ya pedali kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde, na hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo sijaliona likitajwa katika maelezo yoyote ya huduma za namna hii. Mguu unaposhuka, ulimi nao hutaka kuweka mkazo. Neno likiwa na silabi mbili, mwanafunzi huikaza silabi ya kwanza kwa pigo la mguu na kuilegeza ya pili, ilhali Kifaransa hutaka uzito uangukie mwishoni mwa kifungu. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye tangu utotoni amezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tayari ana kishawishi hicho hata akiwa ameketi sebuleni. Pedali humwongezea tu. Baada ya wiki chache darasa zima lilikuwa likiyatamka maneno mafupi ya Kifaransa kwa mdundo mmoja, kama kwaya inayopiga makofi, na mwalimu alitumia nusu ya muda wa viti kuusahihisha mdundo huo. Dawa yake iligunduliwa na wanafunzi wenyewe: kusikiliza huku unakanyaga, kisha kusimamisha miguu kwa nukta chache wakati wa kutamka. Skrini hulalamika mtu akisimama, lakini matamshi hunyooka.

Sasa nirejee kwenye ahadi. Kipeperushi cha huduma kinaandika kwa herufi nene kwamba mazoezi huongeza kasi ya kujifunza maneno mapya kwa asilimia 20. Takwimu hiyo haikubuniwa. Inatokana na utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007 na Bernward Winter na wenzake, ambao pia walipima katika damu viwango vya protini ya BDNF, inayosaidia chembe za neva kukua na kuungana, pamoja na dopamini na adrenalini. Ila waliopimwa walikuwa vijana 27 wenye afya njema, na ile kasi ya asilimia 20 waliipata baada ya kukimbia kwa nguvu zote mara mbili, kila mara kwa dakika tatu. Walipokimbia taratibu kwa dakika 40 hawakuipata. Darasa letu, kwa busara kabisa, halimkimbizi mzee yeyote kwa nguvu zote. Linamkanyagisha pedali polepole. Basi huwezi kuchukua zoezi la utafiti mmoja na takwimu ya utafiti mwingine ukaviweka kwenye ukurasa mmoja kana kwamba kimoja kilizaa kingine. Waandaaji wangeutaja ule utafiti wa wanafunzi wa China peke yake, au ule wa mwaka 2013 wa Maren Schmidt-Kassow na wenzake, ambao ulionyesha kwamba wanawake vijana waliokanyaga baiskeli huku wakisikiliza maneno mapya waliyakumbuka vizuri zaidi, wangekuwa wamesimama mahali imara.

Kwa upande wa wazee wenyewe, ushahidi upo, lakini una sura nyingine. Mwaka 2018 Katrien Segaert wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, akiwa na wenzake, alichapisha katika Scientific Reports utafiti uliohusu ile hali inayowaudhi wazee wengi kuliko maumivu ya magoti: neno unalijua, unajua linaanzaje, pengine unajua hata urefu wake, lakini halitoki. Washiriki 28 wenye umri wa miaka ya 60 na 70 walisomewa maelezo na kutakiwa kutaja neno au jina la mtu maarufu anayelengwa, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulipimwa juu ya baiskeli. Wenye stamina zaidi walikwama mara chache zaidi. Uhusiano huo haukuelezwa na umri peke yake wala na wingi wa maneno ambayo mtu anayajua. Ni matokeo ya maana sana kwa mwanafunzi wa lugha, kwani kulihifadhi neno ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulitoa kwa wakati, mtu akiwa mbele yako anakusubiri. Lakini msomaji atambue mipaka yake: walipimwa kwa maneno ya lugha yao wenyewe, si ya lugha ngeni, na waliopimwa stamina hawakupewa mazoezi yoyote, kwa hiyo haujathibitisha kwamba anayeanza mazoezi leo ataacha kukwama kesho.

Utafiti uliowapa wazee mazoezi hasa, na ambao kipeperushi kinautaja kwa mstari mmoja tu ilhali ndio wenye nguvu zaidi, ni ule wa Kirk Erickson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011. Wazee 120 wa Marekani waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walitembea kwa mwendo wa haraka, hatimaye dakika 40 kwa siku, siku tatu kwa wiki, na nusu walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu mpya na ambayo kwa kawaida husinyaa uzeeni, ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa waliotembea, na imepungua kwa waliojinyoosha. Tazama hapo maneno mawili, mwaka mmoja. Darasa letu ni la miezi mitatu. Na ili mizani isielemee upande mmoja, utafiti mkubwa zaidi wa Marekani uliotolewa mwaka 2015, uliowahusisha watu 1,635 wenye umri wa kati ya miaka 70 na 89 waliokuwa hawafanyi mazoezi, uliwapa baadhi yao ratiba ya mazoezi ya wastani kwa miezi 24 na wengine mafunzo ya afya, na mwishoni haukukuta tofauti katika uwezo wao wa akili kwa ujumla. Nisemavyo ni kwamba kwa mzee, faida ya mazoezi kwa kumbukumbu haiji kwa mkupuo wa kipindi kimoja kama inavyoonekana kwa kijana wa chuo. Inategemea mwili ulioimarishwa kwa muda mrefu, na hata hapo haiji kwa kila mtu.

Hilo linanipeleka kwenye uamuzi ambao waandaaji waliufanya kwa usahihi, kisha wakauharibu wenyewe. Usahihi ni kuchagua baiskeli yenye kiti. Mwaka 2000 Ulman Lindenberger na wenzake walichapisha utafiti uliowataka watu wa rika tatu, wa miaka ya 20, wa miaka ya 40 na wa miaka ya 60, wakariri orodha ya maneno huku wakitembea kwenye njia nyembamba. Kadiri umri ulivyopanda ndivyo hasara ya kufanya mambo mawili kwa pamoja ilivyoongezeka. Kijana hutembea bila kuifikiria miguu yake. Mzee huigharamia kila hatua kwa sehemu ya umakini wake, na umakini huohuo ndio unaotakiwa kulishika neno. Watafiti wa Uswidi walikwisha kuonyesha mwaka 1997 kwamba wakazi wa makao ya wazee wanaosimama kutembea pindi wanapoanza kuzungumza wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Baiskeli yenye egemeo inaondoa mzigo huo: huwezi kupepesuka, huna njia ya kuiangalia, na miguu inazunguka bila kuomba ruhusa ya kichwa. Nilifurahi kuona hivyo. Kisha katikati ya muhula ikaletwa mashine ya kutembelea yenye mkanda unaosogea, kwa wale "wanaotaka changamoto", wafuate somo lilelile la maneno wakiwa juu yake. Nilijaribu, na nikashuka nikiwa nimeishika reli kwa mikono miwili na sikumbuki neno hata moja. Mwenzangu mmoja, mwanamke mwenye afya kunishinda, alijikuta akiacha kutamka kila alipotaka kurekebisha hatua, na akiacha kurekebisha hatua kila alipotamka. Mashine hiyo ina kazi yake, lakini kazi hiyo haipaswi kufanywa sambamba na kujifunza maneno mapya, na ningependa kuona ikiondolewa kwenye somo kabisa.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, limo katika mkanda wa mkononi. Programu hukokotoa kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri wa mtu kutoka 220, kisha humtaka abaki kwenye asilimia fulani ya kiwango hicho. Kwa mwenye miaka 68 kiwango cha juu kinakuwa mapigo 152 kwa dakika. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu hata kwa mtu asiye na ugonjwa, na kwa anayetumia dawa za presha za kundi la beta bloka haifai hata kidogo, maana dawa hizo huzuia moyo kwenda mbio hata mtu anapojitahidi. Jirani yangu darasani alikuwa miongoni mwao. Jasho lilimtoka, pumzi ilikuwa fupi, na skrini iliendelea kumwandikia "ongeza kasi" kwa rangi nyekundu, kwa kuwa mapigo yake hayakupanda. Yeye, mtu mtiifu, aliongeza. Neno lililofuata hakulitamka, la pili yake pia hakulitamka, na mkufunzi wa mazoezi alipopita akamwambia kwa upole, "Mama, punguza kwanza, maneno yatarudi yenyewe." Alipunguza, na baada ya dakika moja hivi alikuwa akiitikia tena.

Mkufunzi yule alijua kitu ambacho programu haikukijua. Kipimo bora cha mwendo katika darasa la lugha tayari kimo ndani ya somo lenyewe: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatiza pumzi lakini usiweze kuimba, uko kwenye nguvu ya wastani, ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Wanaotaka tarakimu wana kipimo cha Borg, kinachoanzia 6 hadi 20, ambacho mtu hujipa mwenyewe alama kulingana na anavyouhisi ugumu wa kazi. Ni ajabu kwamba huduma inayowafundisha watu kusema imeshindwa kuitumia kauli yao kama kipimo.

Kuhusu kusikia. Uzeeni sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, na hizo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f, sh na t. Hedifoni za darasa hili ni nzuri na huziba masikio vizuri, lakini feni za ukumbini huvuma, baiskeli kumi na kitu nazo huvuma, na mwanafunzi huongeza sauti mpaka maneno yanaanza kuwa makali bila kuwa wazi zaidi. Wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia hulazimika kuchagua kati ya kifaa chao na hedifoni. Hakuna aliyeuliza suala hilo wakati wa kujiandikisha. Waliuliza kuhusu magoti na moyo tu. Maandishi kwenye skrini, yanapokuja katika mzunguko wa pili, ni makubwa na yanasomeka, na kwa hilo sina lawama.

Sehemu ya viti, yaani sarufi na mazungumzo, ndiyo niliyoiona dhaifu kuliko zote, na udhaifu wake hautokani na mwalimu, ambaye ana subira na anajua kazi yake. Unatokana na saa. Mtu ameshuka baiskeli akiwa na joto, pumzi bado haijatulia, na mara moja anatakiwa atamke irabu za Kifaransa zinazopitishwa puani, sauti ambazo zinahitaji pumzi iliyopangwa hasa. Dakika 5 za kupumzika kimya zingetosha. Pia, kwa kuwa robo tatu ya sifa ya darasa hili imejengwa juu ya baiskeli, sarufi imebaki kuwa nyongeza. Tulimaliza muhula tukijua majina ya vitu vingi vya nyumbani na bila uwezo wa kuunganisha vitenzi vya wakati uliopita. Tafiti zote nilizozitaja kuhusu baiskeli zilihusu maneno, na ile ya 2017 ilihusu maneno ndani ya sentensi. Hakuna hata moja iliyodai kwamba miguu inayozunguka hufundisha sarufi, na darasa linapaswa kuupanga muda wake likilijua hilo. Ningeipunguza ile sehemu ya kupasha mwili joto ianze nyumbani, kwa mtu kuja kwa miguu mwendo wa haraka ikiwa anaweza, na dakika zitakazookolewa ziende kwenye mazungumzo.

Marudio nayo hayatoshi. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 imejulikana kwamba kinachojifunzwa husahaulika kwa kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachana kwa siku hushinda marudio yaliyobanwa katika saa moja. Programu ya darasa huyarudisha maneno katika kipindi kinachofuata tu, kisha huyatupa. Maneno ya wiki ya kwanza hayakuonekana tena hadi mtihani wa mwisho, na baiskeli, hata iwe na kiti kizuri namna gani, haiwezi kuziba pengo hilo. Lipo pia suala la wakati wa mazoezi ambalo waandaaji wangeweza kulifanyia majaribio. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba watu waliofanya mazoezi baada ya kupita muda wa saa nne tangu kujifunza mahali zilipowekwa picha mbalimbali walikumbuka vizuri zaidi siku mbili baadaye kuliko waliofanya mazoezi papo hapo au wasiofanya kabisa. Walikuwa vijana na yalikuwa mahali pa picha, kwa hiyo sitaahidi lolote kwa mzee na msamiati wake. Ila kwa wale ambao magoti hayawaruhusu kukanyaga na kusikiliza kwa pamoja, somo la asubuhi na matembezi ya alasiri ni mpango usio na hasara.

Kuna ahadi nyingine, imeandikwa chini kabisa ya kipeperushi, kwamba kujifunza lugha uzeeni kunaimarisha akili yote. Utafiti wa Uswidi uliotolewa mwaka 2020 uliwafundisha Kiitaliano wazee wa miaka 65 hadi 75 kwa wiki 11, ukawalinganisha na wenzao waliofanya mazoezi ya kutuliza mwili na akili, katika jumla ya watu 160, na haukukuta kwamba somo la lugha limeongeza kumbukumbu wala akili. Kwa upande mwingine, Thomas Bak na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2016 uliofanyika kwenye kisiwa cha Skye, Uskoti, waliwapima watu wa umri wa miaka 18 hadi 78 kabla na baada ya kozi ya wiki moja ya Kigaeli, wakaona umakini wao umeongezeka, na faida hiyo ikadumu kwa waliojizoeza saa tano au zaidi kwa wiki. Mimi nilikwenda kujifunza Kifaransa. Nikipata Kifaransa inanitosha, na nadhani huduma hii ingejiheshimu zaidi kama ingetuuzia hicho tu.

Kiafya, hesabu ni rahisi. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 yanawataka wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na mazoezi ya uwiano wa mwili siku tatu au zaidi. Dakika 35 za baiskeli mara tatu kwa wiki ni dakika 105. Darasa halina mazoezi ya misuli wala ya uwiano. Mwanafunzi asidhani kwamba kwa kuhudhuria amemaliza deni lake la mazoezi, bado anadaiwa.

Pamoja na lawama zote hizi, nimejiandikisha kwa muhula wa pili, na sababu yangu haimo katika jarida lolote. Katika madarasa ya kawaida ya lugha niliyowahi kuyahudhuria, wazee hupungua kila wiki, hasa baada ya wiki ambayo mtu ameaibika kwa kushindwa kujibu. Katika darasa hili walipungua wachache. Aliyeshindwa kujibu alikuwa amekwisha kukanyaga dakika zake, na alirudi nyumbani akiwa amefanya jambo moja la maana hata kama Kifaransa kilimkataa siku hiyo. Ikiwa faida ya mazoezi kwa mzee huja kwa miezi mingi, na faida ya lugha nayo huja kwa miezi mingi, basi darasa linalomfanya mtu arudi lina thamani ambayo takwimu ya asilimia 20 haiielezi.

Anayetaka kujiunga achague kundi la asubuhi, ambalo hukutana katika ukumbi mdogo wenye feni chache na kelele kidogo. Anayetumia dawa za presha au za moyo amwone daktari kwanza, kisha amwombe mkufunzi auzime ule ujumbe wa "ongeza kasi" kwenye skrini yake. Inawezekana, ingawa hawasemi mpaka waulizwe. Aulize pia kama mwalimu wa kundi lake huruhusu wanafunzi wasimamishe miguu wanapotamka. Wetu aliruhusu, wa kundi la jioni hakuruhusu, na siku ya mtihani wa mdomo tofauti ya mikazo kati ya makundi hayo mawili ilisikika waziwazi.